Kijiji Kilicho Chini ya Maji ya Liverpool

Oktoba 21, 2025 ilitimia miaka 60 tangu Jiji la Liverpool lifungue rasmi bwawa la Llyn Celyn, kaskazini mwa Welisi. Mtalii anayepita karibu na mji wa Bala huona maji na milima ya Arenig, akapiga picha, akaenda zake. Chini ya maji hayo kilikuwapo kijiji cha Capel Celyn, chenye kanisa, shule, posta na mashamba, na watu wake walisali na kugombana kwa Kiwelisi.

Liverpool ilitaka maji, ikapeleka muswada wake moja kwa moja bungeni London bila kuziomba ruhusa halmashauri za Welisi. Ulipitishwa mwaka 1957, ingawa hakuna mbunge hata mmoja wa Welisi aliyeupigia kura ya ndiyo. Watu 48 kati ya 67 wa bonde la Tryweryn, kilipokuwa kijiji hicho, walipoteza makazi.

Mengi tunayajua kupitia picha za mpigapicha Geoff Charles, zilizohifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Welisi. Ziangalie zile za Novemba 1956: wanakijiji, wazee kwa watoto, wamevaa makoti yao ya Jumapili, wanapita mitaa ya Liverpool na mabango wakiwasihi wenyeji wasiwazamishie nyumba. Huwezi kuwaita watu hao wakorofi. Hata hivyo hawakusikilizwa. Ikafika zamu ya makaburi: baadhi ya familia zilihamisha mifupa ya wapendwa wao, na makaburi yaliyobaki yakafunikwa kwa zege.

Basi siku ya ufunguzi mwaka 1965 wakubwa wa Liverpool walikuta mamia ya waandamanaji wakiwasubiri. Nyaya za vipaza sauti zilikatwa, mawe yakarushwa, hotuba zikamezwa na kelele. Sherehe nzima ikaisha kwa dakika chache, na kwa kweli hata hizo zilikuwa nyingi.

Mwaka uliofuata Gwynfor Evans akawa mbunge wa kwanza wa Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Welisi. Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baadaye! Mwaka 2019 ukuta wa kando ya barabara karibu na Llanrhystud, uliopakwa maneno ya kuwataka watu waikumbuke Tryweryn, ulibomolewa sehemu. Ukajengwa upya, na maneno yake yakazagaa kwenye kuta kote nchini. Maji yenyewe bado yanateremka mto Dee kwenda Uingereza.