Mwarobaini na Elimu ya Wahindi

Hapa kwetu Mwera, upande wa Pangani, mwarobaini ni mti wa uani, na watoto hudhani ulikuwapo tangu zama za mababu. Sivyo. Asili yake ni Bara Hindi, na walioueneza pwani yetu katika karne ya 19 ni Wahindi waliokuja kwa biashara. Kwa Kigujarati huitwa limdo, na kwa Kisanskriti nimba. Wataalamu wa mimea waliuita Azadirachta, neno litokalo katika Kiajemi, maana yake mti ulio huru. Nao wenzetu wa pwani ya Kenya husema mkilifi. Jina letu sisi lilitokana na dawa: mti wa maradhi arobaini.

Mti haukuja bila elimu yake. Vitabu vya kale vya uganga wa Kihindi, cha Charaka na cha Sushruta, vyaitaja nimba kuwa dawa ya maradhi ya ngozi. Tena Wahindi hutia majani yake makavu katika nguo na nafaka ili wadudu wasiingie, na huku kwetu pia wako wayatiao ghalani.

Tulipokuwa wanafunzi tuliambiwa kwamba hayo yote ni ushirikina, nasi tukaamini, hata tukamkatalia mama yetu alipotuchemshia majani ya kuogea upele. Leo twaona haya kukumbuka. Kwa maana mwaka 1942 Salimuzzaman Siddiqui, bingwa wa kemia wa Bara Hindi, alitenga vitu vichungu vilivyomo katika mafuta ya mwarobaini. Na mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza wakatenga katika mbegu zake kitu kiitwacho azadirachtini. Nzige akionja kitu hicho hukataa kula. Na mdudu akilaye hushindwa kujivua gamba, akafa kabla ya kukua.

Kisha yakazuka madai. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa serikali ya Marekani pamoja na kampuni ya W. R. Grace haki ya wavumbuzi juu ya njia ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mti huu. Vandana Shiva wa Bara Hindi na wenzake wakapinga, wakisema jambo hilo lajulikana kwao tangu kale. Haki ile ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikakataliwa mwaka 2005.

Lakini hesabu ya arobaini isishikwe kwa upofu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo: walitapika, wakalegea, na wengine wakafa. Mama yetu, ambaye hakusoma kitabu hata kimoja, hakutunywesha mafuta ya mwarobaini kamwe. Alisema hayo ni ya kupaka tu.