Jioni moja Mji Mkongwe, na pembe zilizotoka kwetu

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe sana. Nipo nyumbani Rungwa kwa ajili ya BTP, na wale mnaoijua Rungwa mnajua kwamba mtandao hapa unawindwa kama paa. Kuna kichuguu nyuma ya nyumba ya babu, ukisimama juu yake na kuelekea Itigi unaweza kupata vijiti viwili. Hapo ndipo nilipo sasa hivi, na mbu nao wapo kazini.

Leo nataka kuwaandikia habari ya safari ya Zanzibar tuliyokwenda na wenzangu wa somo la historia mwezi wa saba mwaka 2023. Niliahidi kuiandika muda mrefu nikawa nakwepa. Sababu ya kukwepa mtaiona huko mbele. Wiki hii nimefundisha kidato cha pili mada ya biashara ya masafa marefu, mtoto mmoja akaniuliza swali, basi nikaona sasa imetosha, niandike.

Kwanza niwape picha. Sisi tulikuwa kumi na wawili, tumetoka Dodoma kwa basi, tumelala Dar, asubuhi tukapanda boti. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona bahari. Jamaa wakanicheka njia nzima. "Huyu ametoka porini jamani, msimwache peke yake atamezwa na papa." Huo ndio utani niliouzoea tangu mwaka wa kwanza. Nikisema natoka Rungwa, mkoa wa Singida, mtu anauliza, "Ile ya pori la akiba? Kwani kuna watu wanaishi kule?" Mwenzangu mmoja, ambaye nampenda sana na atasoma hapa, aliwahi kuniambia kwenu hakuna historia, kuna tembo tu. Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa.

Saa kumi na moja jioni tukakutana na mwongoza wageni wetu mbele ya Ngome Kongwe. Mzee wa makamo, kofia ya vito, kanzu, simu mbili mkononi. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni Unguja. Nasikia nyie walimu watarajiwa, basi leo mwalimu ni mimi, na darasa langu halina madawati." Tukampenda hapo hapo.

Akaanza na jina la mahali tuliposimama. Forodhani. Nimelisikia jina hilo miaka yote nikajua ni mahali pa kula pweza na mishkaki usiku, basi. Kumbe jina limebeba historia yote: ni mahali pa forodha, yaani ushuru. Karne ya 19 hapa ndipo mizigo ilipokuwa inashushwa na kupakiwa: pembe za ndovu, karafuu, nguo, shanga, na watu. Pembeni yake Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na watu wawili wakafa. Mzee alipofika hapo alipunguza sauti. Akasema, "Nyumba kama mtu, inazeeka, inaugua. Usipoiuguza inakufa."

Tukafuata barabara ya Mizingani ukingoni mwa bahari, jua linashuka, mpaka kwenye jengo ambalo kwa kweli lilinitoa macho. Roshani za mbao zilizochongwa kama vitambaa vya kufuma, vioo vya rangi, kila kona ina ua. Nikadhani ni kasri. Kumbe lilikuwa zahanati! Jiwe la msingi aliliweka Tharia Topan mwaka 1887, kuadhimisha miaka hamsini ya utawala wa Malkia Victoria. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, likaja kumalizika mwaka 1894. Jengo lina sura ya kule Gujarati kabisa. Mwenzangu mmoja akasema hii ni India imesafirishwa kwa jahazi, na hakukosea sana.

Sasa huyu Tharia Topan ni nani? Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo historia yenyewe ilipo. Alikuwa mfanyabiashara tajiri, Mhindi wa Ismailia, na kwa kipindi alikuwa msimamizi wa forodha wa Sultani. Kabla yake kazi hiyo kwa miaka mingi ilishikwa na kampuni ya ukoo wa Jairam Shivji, Wahindi wa kabila la Bhatia kutoka Kutch. Utaratibu ulikuwa hivi: Sultani hakuwa na jeshi la makarani wa kukusanya ushuru. Alimkodisha mfanyabiashara forodha yote. Mfanyabiashara anamlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, halafu anakusanya ushuru mwenyewe, na kinachozidi ni chake. Kwa hiyo kadiri pembe zinavyoingia nyingi, ndivyo mfuko wake unavyonona.

Na hao hao matajiri ndio waliokuwa wanakopesha. Mtu anayetaka kwenda bara anachukua kwao nguo, shanga na nyaya za shaba kwa mkopo. Nguo zenyewe zilikuwa kaniki kutoka India, na ile nguo ya pamba kutoka Marekani ambayo watu waliiita merikani. Anakaa huko mwaka, miaka miwili au zaidi, anarudi na pembe, analipa deni na faida juu. Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alikopeshwa na Tharia Topan huyu huyu. Kwa hiyo tukisema "biashara ya Waarabu" kama vitabu vingi vya shule vinavyosema, tunaacha nusu ya habari. Msafara uliongozwa na Mwarabu au Mswahili, mtaji ulitoka kwa Mhindi, nguo ilitoka Marekani na India, na mzigo ulibebwa na Mnyamwezi.

Pembe zikitoka hapo zilikwenda wapi? Nyingi zilipelekwa Bombay na Kutch, ambako zilitengenezwa bangili za maharusi. Nyingine zilikwenda Ulaya na Marekani kutengeneza vichanio, mipira ya mchezo wa biliadi, na vibao vya piano. Tafakari: bibi harusi kule Gujarati anavaa bangili, msichana kule Connecticut anajifunza piano, na wote wawili wameshika kitu kilichokuwa kinatembea porini.

Tukaingia vichochoroni. Kiponda, Hurumzi. Mzee akatufundisha kusoma milango. Mlango ambao juu yake umekaa kama upinde ni wa Kihindi, ule ulionyooka juu ni wa Kiarabu. Na zile njumu za shaba zilizochongoka? Akacheka, "Huko India wanasema zilikuwa za kuzuia ndovu wa vita wasivunje mlango. Hapa Unguja hapana ndovu, ni urembo na kujionesha tu." Wenzangu wakacheka. Mimi nikawaza, ndovu hawakuwepo, lakini pembe zao zimepita kwenye milango hii hii.

Magharibi ikaingia. Adhana ikaanza msikiti mmoja, ikapokelewa na mwingine, na tulipopita Hurumzi tukasikia kengele ya hekalu la Wahindu. Kwa dakika chache sauti zote zilikuwa pamoja kwenye uchochoro usiozidi upana wa mikono yangu miwili. Mzee akaomba ruhusa akaingia kuswali, sisi tukakaa kwenye baraza kumsubiri. Hapo ndipo nilipoanza kupanga swali langu.

Alipotoka nikamwuliza, "Mzee, samahani. Umesema mara nyingi kwamba pembe zilitoka bara. Bara wapi?"

Akajibu haraka, kama mtu aliyeulizwa mara elfu, "Bara huko, Tabora, Ujiji, mpaka Kongo."

Nikasema, "Na Ukimbu?"

Akanitazama. "Wapi?"

Basi nikajikuta namweleza, kwenye uchochoro, wenzangu wote wakisikiliza. Kwamba njia ya misafara kutoka Bagamoyo ikishapita Ugogo inaingia Mgunda Mkali, pori kavu ambalo wasafiri wote waliliogopa kwa kukosa maji, na kwamba hapo ndipo nchi ya Wakimbu inapoanza, leo ni upande wa Itigi na Manyoni. Kwamba miaka ya 1870 alitokea mtu anaitwa Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, akakusanya vijana wa ruga-ruga akazitiisha himaya ndogo ndogo za Ukimbu moja baada ya nyingine. Jina lake maana yake ni chungu cha mawe, yaani hakivunjiki. Aliweka watu wake wa kuwasimamia machifu, na kazi yao mojawapo ilikuwa kukusanya pembe zimfikie yeye. Alipokufa mwaka 1884, aliyerithi ni binti yake, Mgalula. Mwanamke, mtawala, katikati ya nchi ambayo watu wanasema haina historia!

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka yote hii natembeza watu hapa, hilo sikulijua. Nikitaja bara huwa naoneshea mkono tu kule baharini." Kisha akacheka, "Niandikie kwenye karatasi, mwanangu." Nikamwandikia.

Yule rafiki yangu wa "tembo tu" hakusema kitu. Akanipiga bega, basi.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana shujaa. Lakini niliwaambia nilikuwa nakwepa kuandika, na sababu ni hii.

Tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo, zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Usiku ulikuwa umeshaingia na taa ni hafifu. Nikawatazama wale watu nikajiuliza, nani aliwatoa kwao? Si Mhindi mwenye mtaji, yeye hakuondoka Unguja. Mara nyingi aliyewateka alikuwa mtu kama wale ruga-ruga niliokuwa najivunia nusu saa iliyopita. Vita vya kutafuta pembe vilizaa mateka, na mateka waliuzwa. Nyungu ya Mawe alikuwa shujaa na alikuwa mporaji pia, vyote viwili. Nikajisikia vibaya kwamba kule uchochoroni nilisimulia upande mmoja tu.

La pili ni la nyumbani. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo kama 109,000. Sensa ya mwaka 2014 ilipata kama 43,000. Katika miaka mitano! Na mfumo wetu wa Ruaha na Rungwa ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka pikipiki za usiku. Nakumbuka mjomba wangu mmoja alinunua bati za nyumba nzima kwa mkupuo, na mwaka uliofuata alikamatwa na kufungwa. Nyumbani hatumtaji. Akitajwa, bibi anaondoka kwenda kuangalia kuku.

Sasa niambieni, wadau. Tajiri wa karne ya 19 ameacha jengo zuri, tunalisifia na kupiga picha. Mjomba wangu, ambaye alipata bati ishirini, ni aibu ya ukoo. Simtetei. Alikosea, sheria ilikuwepo, na biashara ya pembe ilishapigwa marufuku kimataifa tangu mwaka 1989. Lakini nilivyosimama pale Mkunazini niliona ni mnyororo mmoja: anayetoa mtaji yuko mbali na mikono yake ni safi, na anayekwenda porini ndiye anayebaki na damu. Hilo halikubadilika kutoka mwaka 1870 hadi 2010.

Tukamalizia Forodhani, tukala urojo na kunywa juisi ya miwa. Wenzangu walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nawaza jinsi ya kumwuliza babu.

Nimemwuliza wiki iliyopita. Alikaa kimya, kisha akasema babu yake yeye alibeba pembe mpaka pwani, ujana wake wote, mzigo wa frasila mbili begani, kama kilo 32. Alirudi na kaniki na kovu la bega ambalo halikupona vizuri. "Alituambia kule pwani kuna nyumba refu," babu akasema, "lakini yeye hakuruhusiwa kuingia." Kisha, bila kuulizwa, akamtaja mjomba kwa jina lake. Mara ya kwanza kwa miaka mingi.

Na lile swali la mtoto wa kidato cha pili? Nilikuwa nimechora ubaoni mishale kutoka bara kwenda pwani. Akanyoosha mkono, "Mwalimu, hapo bara ndiyo wapi?" Nikachukua chaki, nikaandika: HAPA. Darasa zima likageuka kuangalia dirishani, kama vile msafara unapita.

Haya, betri ina asilimia saba na mbu wameshinda. Wiki ijayo nina kipindi cha Mgalula, nikifanikiwa nitawaambia. Wasalimieni wote chuoni, na yule wa "tembo tu", aje likizo aone!