Ufizi na Kipandikizi: Historia Fupi ya Mambo na Majina Yake

Katika kazi ya kuunda istilahi za utabibu wa meno, sehemu iliyotushughulisha kuliko nyingine zote si ya meno yenyewe bali ya ufizi, na hasa ufizi unaokizunguka kipandikizi, yaani ile parafujo ya titaniamu inayotiwa ndani ya mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino lililong'oka. Asiyeyajua mambo haya aweza kudhani kwamba hapo pana jambo moja tu, nalo ni jino jipya. Lakini matabibu wenyewe walichukua zaidi ya miaka 20 kutambua kwamba mfupa ukishakikubali kipandikizi, bado imebaki kazi nyingine iliyo ngumu vilevile: kuufanya ufizi ukae mahali pake, kwa unene wake na sura yake, mwaka hata mwaka. Majina kadhaa yatumikayo katika fani hii yalibuniwa kabla ya utambuzi huo kukamilika, na mfasiri anayeyahamisha neno kwa neno huhamisha pamoja nayo upungufu wake.

Historia yenyewe huanzia Uswidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Per-Ingvar Brånemark (1929–2014) alikuwa mjini Lund akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Vyombo alivyovitia mifupani vilikuwa vya titaniamu, na alipotaka kuvitoa aliona kwamba mfupa umevishika, havibanduki. Mwaka 1965, mjini Göteborg, mgonjwa wa kwanza aliyepoteza meno alitiwa parafujo za madini hayo. Katika maandishi ya mwaka 1977 tendo hilo la mfupa lilipewa jina, nalo liliunganisha neno la Kilatini la mfupa na neno lenye maana ya kufanywa kuwa kitu kimoja. Baada ya mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 elimu hiyo ilienea Amerika Kaskazini.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika miaka hiyo yote ufizi haukuulizwa habari zake. Wagonjwa wengi walikuwa hawana meno kabisa katika taya nzima, na meno ya bandia yaliyofungwa juu ya parafujo yaliachiwa mwanya kati yake na ufizi ili pasafishike. Mdomo uliyaficha yote. Hata vipimo vya mafanikio vilivyotolewa mwaka 1986 na Albrektsson na wenzake, ambavyo vilitumika ulimwenguni kote, vilitaka kipandikizi kisitikisike, kisiumize, na mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza. Ufizi uliorudi nyuma na kuacha chuma wazi haukuwamo katika hesabu. Mambo yalibadilika vipandikizi vilipoanza kutumiwa kwa jino moja la mbele, mahali ambapo mtu akicheka jino geni hukaa bega kwa bega na la asili, na tofauti ya milimita moja huonekana na kila mtu.

Hapo ndipo maarifa ya zamani yalipotafutwa upya. Mwaka 1961 Gargiulo na wenzake wawili walikuwa wamepima, katika meno ya asili, ile sehemu ya ufizi iliyoshikamana na jino juu ya ukingo wa mfupa, wakapata wastani wa milimita 2.04. Kipimo hicho kikapewa jina la Kiingereza ambalo, likifasiriwa kama lilivyo, ni "upana wa kibiolojia". Tumeliona jina hilo katika miswada kadhaa ya Kiswahili, nasi tulilipinga tangu mwanzo, kwa maana kinachopimwa hakina upana wowote: kinapimwa kutoka juu kwenda chini. Mwalimu akiwaambia wanafunzi "upana", watachukua rula na kuilaza. Wenye jina wenyewe walikuja kuliacha: mkutano wa wataalamu wa ufizi wa Marekani na Ulaya wa mwaka 2017, ambao maazimio yake yalichapishwa mwaka 2018, uliweka mahali pake jina linalotaja tishu zilizoshikamana juu ya ukingo wa mfupa. Kwa hiyo "kimo cha mshikamano wa ufizi" hakina deni kwa jina lililokufa.

Uchunguzi uliotufaa kuliko wote ni ule uliofanywa Göteborg na kutangazwa na Berglundh na wenzake mwaka 1991. Katika mbwa walilinganisha ufizi wa jino na ufizi wa kipandikizi. Kwa macho ulikuwa mmoja. Chini ya hadubini, nyuzi za ufizi wa jino zilikuwa zimejichomeka katika mzizi kama mizizi ya nyasi katika udongo, ilhali nyuzi za ufizi wa kipandikizi zilipita sambamba na titaniamu bila kuingia popote. Tena ufizi huo hupata damu kidogo zaidi, kwa kuwa ile mishipa ya damu iliyomo kati ya mzizi na mfupa huondoka pamoja na jino. Ndiyo sababu tabibu mwangalifu hataki tu kutia parafujo. Huipima nafasi yake ili ibaki na ukuta wa mfupa upande wa mdomoni, huweka jino la muda ili ufizi ufinyangwe polepole kulifuata, na ufizi ukiwa mwembamba huunenepesha, maana ufizi mwembamba hurudi nyuma upesi na huonyesha kijivu cha madini kilicho chini yake.

Kuunenepesha huko ndiko kunakotuletea tatizo kubwa la lugha. Tangu Langer na Calagna walipoeleza njia yao mwaka 1980, nyama ya kuongezea aghalabu hukatwa chini ya ngozi ya kaakaa la mgonjwa mwenyewe, kisha ikashonewa ndani ya ufizi. Kwa Kiswahili cha hospitali tendo hili nalo huitwa "kupandikiza". Figo hupandikizwa, ngozi hupandikizwa, parafujo hupandikizwa, na sasa ufizi pia. Mgonjwa anayetia sahihi karatasi inayosema kwamba "atafanyiwa upandikizaji" amekubali nini? Yawezekana amekubali parafujo tu, naye ataamka ana kidonda katika kaakaa ambacho hakuna aliyemwambia habari zake. Hili halimhusu mfasiri peke yake. Linamhusu mtumishi anayeichapa karatasi hiyo na tabibu anayeisoma mbele ya mgonjwa.

La ajabu ni kwamba shambani tatizo hili halipo. Mkulima anayehamisha mche kutoka kitaluni husema ameupandikiza, lakini anayefunga kikonyo cha mchungwa mtamu juu ya shina la mlimau husema ameubebesha. Bwana shamba na mkulima hawakungoja tume ya istilahi kutenga matendo hayo mawili. Tulifikiri sana kulichukua neno hilo hilo, kwani nyama ya kaakaa iliyoshonewa kwenye ufizi kwa hakika inabebeshwa, nayo huishi kwa utomvu wa shina, yaani damu ya mahali papya. Walimu wa fani waweza kulitumia. Katika karatasi za wagonjwa, hata hivyo, twapendelea "kiraka cha ufizi kilichokatwa kaakaani". Wako wanaosema kiraka chakumbusha nguo kuukuu. Na iwe hivyo. Kiraka kina mahali kilikotoka, na hilo ndilo mgonjwa anapaswa kulijua.

Jina jingine ni la juzi zaidi. Mwaka 2005 Fürhauser na wenzake, huko Vienna, walitoa kipimo cha sura ya ufizi unaozunguka kipandikizi cha jino moja: mambo saba, kila moja alama 0 hadi 2, jumla 14. Ni kipimo kizuri, kwa kuwa tangu hapo ufizi ukaingia katika hesabu ya mafanikio. Lakini jina walilokipa lina neno "waridi", kwa rangi ya fizi walizozizoea. Fizi za watu wengi wa kwetu zina rangi ya kahawia au nyeusi, wala si ugonjwa. Kipimo chenyewe hulinganisha rangi na ufizi wa jino jirani, kwa hiyo chafaa kwa kila mtu. Jina ndilo lisilofaa. Tena tofauti hiyo si ya maneno matupu: kiraka kilichokatwa na ngozi yake ya juu huja na rangi ya kaakaa, kikawa doa jekundu katikati ya ufizi mweusi, ilhali kile kinachotiwa chini ya ngozi huuacha ufizi na rangi yake. Basi tunaandika "alama za sura ya ufizi".

Limebaki swali ambalo wajumbe hawajakubaliana. Vitabu vya fani sasa huukatalia ufizi wa kipandikizi jina la ufizi, kwa sababu ya zile nyuzi zisizoshika, na huuita utando wa kinywa tu. Baadhi yetu wanataka Kiswahili kifuate. Sisi wa upande wa pili twaona kwamba "ufizi wa kipandikizi", ukitajwa kwa ukamilifu kila mara, watosha kuutenga na "ufizi wa jino", na mgonjwa ataujua kwa ulimi wake. Kwa maradhi, tofauti ni lazima iwepo: ikiwa ni nyama tu iliyovimba, "uvimbe wa ufizi wa kipandikizi", ikiwa na mfupa umeanza kuliwa, "ugonjwa wa kipandikizi". La kwanza huweza kupona kwa usafi. La pili laweza kuing'oa parafujo, na mwenye kinywa asingoje mwaka mzima akiambiwa kwamba ana uvimbe.