Nyumba Iliyosubiri Maji Kilambo

Kilambo, kusini mwa mji wa Mtwara, safari yako inaamuliwa na vitu viwili: pantoni na bahari. Mto Ruvuma hapa unakaribia kuingia baharini, kwa hiyo unajaa na kupwa pamoja nayo. Nilikuwa nimekwenda kuutazama mto ninaousoma kwenye makaratasi ya tasnifu yangu ya uzamili. Nikaikuta nyumba imepanga foleni.

Ilikuwa nyumba kweli: kitanda, jiko, choo, tangi la maji na paneli za sola, vyote juu ya chesisi ya lori lenye namba za Ujerumani. Watoto waliizunguka wakihesabu matairi. Mwenyewe, mstaafu mwenye Kiswahili cha kuombea maji, aliniambia kwamba hii ni ndogo. Kwao aliwahi kumiliki ya Kimarekani, ndefu kama basi la mikoani, akaiuza.

Kwa nini? Akanipigia hesabu. Magari hayo hutengenezwa kwa barabara za Marekani, ambako upana unaoruhusiwa hufika mita 2.59. Ulaya mwisho ni 2.55. Makubwa kabisa yana urefu wa karibu mita 13.7, na Ulaya gari moja la aina hiyo halitakiwi kuzidi 12. Leseni ya kawaida inaishia tani 3.5, hivyo mwenye sebule yake barabarani hutafuta leseni ya lori. Na vijiji vya zamani vilijengwa kwa kipimo cha mkokoteni wa farasi. Mwishowe, alisema, alikuwa akichagua pa kwenda kwa kutazama madaraja kwanza.

Nikakumbuka meli.

Machi 1861, David Livingstone aliingia Ruvuma na meli ya mvuke iliyoitwa Pioneer. Alitaka njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita mikononi mwa Wareno waliolishika eneo la Zambezi. Pioneer ilikuwa nyumba yake, ghala lake na ofisi yake. Lakini ilizama majini futi 5, na Ruvuma ni mto wa mchanga. Walipanda maili 30 hivi, maji yakaanza kupungua, wakageuza kabla hawajanasa. Septemba 1862 alirudi, akapanda mto kwa mashua ndogo. Safari hii alifika maili 150 hivi kabla ya miamba kumzuia. Alipoacha nyumba nyuma, mto ulimfungulia mlango mara tano zaidi.

Mwaka 1866 alijaribu tena, sasa kwa nchi kavu. Alileta ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda, ili aone kama wangestahimili mbung'o. Mikoko ya mdomo wa Ruvuma haikuwapa ngamia pa kukanyaga, ikabidi washushwe Mikindani. Wanyama walielemewa na mizigo, wakapigwa, wakaugua, wakafa njiani. Mizigo haikufa. Ilihamia mabegani mwa watu.

Mikindani ilikwisha kuijua kazi hiyo. Pembe za ndovu zilishuka hapo kutoka bara, na mara nyingi aliyebeba pembe alikuwa naye anapelekwa sokoni. Msafara wa namna hiyo Waingereza waliuita kwa neno lililotoka Uajemi, karavani. Baadaye neno hilohilo wakaipa nyumba ya magurudumu, na leo ndilo linalosomeka kwenye maegesho ya watalii. Maana ya kwanza ilikuwa mstari wa watu. Ya pili ni kitanda na jiko. Kila nikiziweka pamoja naona zinakaribiana, kwa sababu mgeni aliyesafiri na hema, meza na sanduku la dawa alikuwa na nyumba inayotembea, na miguu ya nyumba hiyo ilikuwa ya watu wengine.

Hapo ndipo tasnifu yangu inapokwama. Jina la meli ninalo, kina chake ninacho, hata idadi ya ngamia ninayo: 6. Wapagazi wengi hawana jina. Chuma na Susi, walioanza safari ile ya 1866, tunawajua kwa sababu Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kibanda walichomjengea wenzake wa safari, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Ilibidi wambebe mtu maarufu akiwa maiti ndipo karatasi zikawatambua.

Nilimsogelea mzee aliyekaa kwenye kivuli karibu na maji.

"Shikamoo babu. Lile gari litavuka saa ngapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Maji bado. Likiingia sasa litalala na mamba."

Yalijaa alasiri. Nyuma ya gari ilikuwa ndefu, ikataka kusugua kwenye mlango wa pantoni. Vijana wanne wakaleta mbao, wakazipanga chini ya matairi. Mmoja alisimama majini hadi mapajani akimwelekeza dereva kwa mikono. Nyumba yenye maji yake, umeme wake na kitanda chake ilipanda taratibu, juu ya mbao za watu.

Mjerumani alipiga picha ya mto. Mimi niliwafuata wale vijana na daftari, nikawauliza majina yao yote, na la kila baba. Namba ya gari niliiandika mwisho.