Gunia la Mahindi na Kibali cha Kulivusha

Sokoni Asumbi, kando ya barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay, mama anapima mahindi kwa gorogoro. Anajaza kopo, analitikisa mara moja, anaongeza konzi moja mpaka kilele kisimame, kisha anamimina kwenye mfuko wa mteja. Bei wameshapatana wao wawili. Vijana wanaopita hapo wanaona ni jambo la kawaida, kwa kuwa hawakuwepo wakati magunia ya mahindi yalihitaji karatasi ya serikali ili yavuke mpaka wa wilaya. Hali hiyo ilidumu takriban nusu karne.

Watu wa huku hawakungoja mkoloni awafundishe kuuza na kununua. Wajaluo wa nyanda za ziwani walipeleka mifugo, chumvi na vyungu kwa Abagusii wa milimani, wakarudi na nafaka na majembe ya chuma. Walipigana mara nyingi, lakini njaa ilipobisha hodi upande mmoja, soko la mpakani ndilo lililolisha watoto.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kodi ya kibanda ikataka pesa taslimu. Serikali ilipenda mtu azipate pesa hizo kwa kufanya kibarua katika shamba la mlowezi. Kuanzia 1920 mwanamume alivishwa kipande, hati ya kazi iliyoning'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kisha ikaja sheria ya 1926 kuhusu mikopo: aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya ofisa hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemekana kwamba sheria hiyo inamkinga Mwafrika na madeni. Kwa kweli ilimfungia mlango, kwani hakuna muuzaji wa jumla atakayempa bidhaa mtu ambaye hawezi kumshtaki. Mwenye duka dogo kijijini alibaki na sukari, chumvi na sabuni chache, mwaka nenda mwaka rudi.

Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, serikali ilishika biashara yote ya mahindi. Bei ya mlowezi iliwekwa juu ya ile ya Mwafrika, ingawa mahindi ni yale yale. Hapo ndipo kibali kilipozaliwa.

Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo mwalimu Maseno, aliona kwamba anayepangiwa mahali pa kuuza jasho lake hawezi kusimama mbele ya mkuu wa wilaya akasema hapana. Mwaka 1947 kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation ilisajiliwa. Aliacha ualimu, akazunguka Afrika Mashariki akiwauzia Wajaluo hisa, wengi wao vibarua wa reli na mijini. Kampuni ilijenga Ramogi House mjini Kisumu na kuendesha mtambo wa Ramogi Press jijini Nairobi, uliochapa magazeti ya lugha za Waafrika. Pesa za wanahisa hao ndizo zilizolipia wino wa wanasiasa. Jambo hili husahaulika tunaposimulia habari za uhuru kana kwamba ulitoka mikutanoni pekee.

Bendera ilipopandishwa mwaka 1963, kipande kilikuwa kimeshaondoka. Kibali cha mahindi kilibaki. Serikali yetu wenyewe ilikirithi, na mwaka 1979 ikaunda NCPB, bodi ya nafaka na mazao, iendelee na kazi ile ile. Mwanamke aliyetaka kupeleka mahindi wilaya jirani yenye njaa alikutana na kizuizi cha polisi. Bila kibali alitoa kitu kidogo au aliacha magunia yake. Chakula kilikuwa ghali upande mmoja na rahisi upande wa pili, na katikati alisimama askari. Mimi naihesabu dhuluma hiyo kuwa nzito kuliko ya mkoloni, kwa sababu ilitendwa na waliojua uchungu wake.

Vizuizi hivyo viliondolewa mwishoni mwa 1993, baada ya miaka ya shinikizo la Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Madalali walijaa, na bei ikawa ya kupanda na kushuka. Mkulima anayeuza wakati wa mavuno bado anaumia. Lakini siku hizi anaweza kumkataa dalali na kubeba gunia lake hadi soko lingine. Mbele ya bodi hakuwa na nafasi hiyo.

Leo Asumbi iko Homa Bay, na Rongo iko Migori. Gunia likisafiri kati ya miji hiyo linavuka mpaka wa kaunti, na kaunti hutoza ushuru wa mazao. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inakataza kaunti kutumia mamlaka ya kutoza kodi kwa namna itakayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Mchuuzi akisimamishwa barabarani na kudaiwa malipo asiyoyaelewa, aombe risiti, na akitaje kifungu hicho kwa namba yake.