Ua wa Bibi: Mkilua, Mkarafuu na Kunguru



Siku hizi tukijenga, kazi ya mwisho ni kuufunika ua wote kwa vigae au saruji, kisha tunaweka vyungu viwili vya maua ya plastiki mlangoni. Pasafi, hakuna majani ya kufagia. Lakini tujiulize: ndege waliokuwa wakituamsha alfajiri wamekwenda wapi? Jibu limo ndani ya historia ya visiwa vyetu wenyewe.

Bibi zetu walipanda kwa manukato. Asumini na mlangilangi asili yake ni Asia, vilikuja kwa njia ya bahari. Mkadi na mkilua ni wenyeji wa pwani hii. Vilua walivitia kwenye nywele na katikati ya nguo sandukuni, na kikuba cha bibi harusi hakikukamilika bila ya harufu zake. Mkilua huo una jina la kitaalamu lenye neno "kirkii", kwa heshima ya John Kirk, daktari aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa Unguja zama za Sayyid Barghash. Alikuwa akikusanya mimea yetu na kuipeleka bustani ya Kew, Uingereza. Mgeni aliona thamani ya kichaka chetu, na sisi leo tunaking'oa tupate nafasi ya kuegesha gari.

Mabadiliko makubwa yalianza na mkarafuu, ulioletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said alipoona faida yake aliwaamuru wenye mashamba waupande. Misitu ikafyekwa, na waliofyeka na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa. Hilo tusilisahau kila tunaposifu harufu ya karafuu. Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Waliotegemea mti mmoja walipata pigo kubwa, na tangu hapo Pemba, iliyosalimika zaidi, ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu.

Katika miaka ya 1890 Waingereza walileta kunguru kutoka India ili wale takataka za mji. Kunguru hao hawakutosheka na takataka. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vyetu pia. Miaka ya 1990 ilifanyika kampeni ya kuwapunguza, wakapungua kweli, lakini iliposimama wakaongezeka tena. Kiumbe kililetwa kusafisha mji, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunahangaika nacho.

Pemba inatupa habari njema. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani, mwaka 1989 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, walikubaliana kumlinda, na baadaye idadi ikapita 20,000. Na baadhi ya makazi yake yako makaburini, mahali ambapo watu huona vibaya kukata miti. Heshima kwa maiti wetu ikawa hifadhi ya walio hai! Popo huyu hula matunda na kuzitawanya mbegu, na kwa njia hiyo hupanda miti bila ya malipo.

Tunachojifunza ni kwamba anayepanda ndiye anayeamua nani ataishi naye. Na sisi wanawake ndio wenye ua.

Basi tuanze na kidogo. Penye nafasi ndogo, panda mkilua. Ni jamaa moja na mstafeli, na majani ya jamaa hii hulisha viwavi wa baadhi ya vipepeo wa pwani yetu. Kwa hiyo ukiona jani limetobolewa, usikimbilie dawa ya kuulia wadudu: kiwavi wa leo ni kipepeo wa kesho, na ndege wengi hulisha makinda yao viwavi. Penye uzio, pandisha mbungo, mmea utambaao. Utapata juisi ya Ramadhani, na ndege watapata pa kujificha. Mwenye shamba aache mkuyu na mkwaju visimame. Kuyu ni chakula cha ndege na popo. Mbuyu nao hufungua maua yake usiku, na popo ndio wanaouchavusha. Weka kisahani cha maji kivulini na kibadilishe kila siku ili mbu wasizaliane. Pipa la taka lifunikwe, maana mabaki tunayoyamwaga ovyo ndiyo yanayomlisha kunguru.

Asumini yako usiing'oe, dada. Haina ugomvi na mtu. Tunachoomba ni wenyeji nao wapate mahali pao.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, kwake huwa ni sadaka. Tazama wepesi wa dini yetu! Chozi anakuja kunyonya ua lako wakati wewe umo jikoni unakuna nazi, na thawabu inaandikwa. Vigae havina sadaka hiyo. Ukibakisha japo pembe moja ya udongo uani kwako, panda humo mche wa mkilua masika haya, inshaAllah, na umwambie binti yako jina lake.