Bei ya utamu: Maillu alishatuonyesha

Wasee, unaandika hadithi za mahaba ya watu wazima za kusomwa kwa simu, halafu unaweka kila sehemu dola 2.99 juu Amazon inakupea asilimia 70 kuanzia hapo? Skiza. Mwanzoni mwa miaka ya sabini David Maillu alianza kujichapishia Nairobi kupitia Comb Books, kampuni yake mwenyewe. Vitabu vidogo vya kutoshea mfukoni, bei ya mtu wa kawaida. After 4:30 ikafuata 1974. Wakubwa wakasema ni uchafu, Tanzania ikavipiga marufuku 1976, lakini Kenya vilikuwa vimeuzwa kama njugu. Hapa Keumbu mama wa ndizi huangalia mfuko wa abiria, si wa Mmarekani. Sehemu ya kwanza weka bob 50, M-Pesa. Aliyenogewa atarudi na mia.